Bima Unailipa Wewe, Benki Ndiyo Inayolindwa

Nazungumza nawe, msikilizaji, popote ulipo, uwe Winnipeg, Edmonton au Ottawa, au uwe nyumbani Tanga, Bukavu au Eldoret na una mtoto au ndugu aliyehamia Kanada, ambaye juzi amekupigia simu kukuambia kwamba sasa anataka kununua nyumba. Mazungumzo ya leo yanakuhusu wewe kama yanavyomhusu yeye.

Nazungumzia bima ya mkopo wa nyumba, ile anayotakiwa kuilipa kila mnunuzi mwenye kianzio kidogo. Wengi wetu tunailipa bila kujua inamlinda nani. Tunajua kiasi chake, tunajua imejumlishwa kwenye deni, lakini muulize mtu, "Je, siku ukishindwa kulipa, bima hii itakufanyia nini?" Atakujibu kwamba itamlipia. Haitamlipia. Mkopaji ndiye anayetoa pesa, benki ndiyo inayolindwa. Naomba ulishike hilo kabla hatujaenda mbele, maana mengine yote nitakayosema leo yanatoka hapo.

Sheria ya serikali kuu ya Kanada inazizuia benki kumkopesha mtu zaidi ya asilimia 80 ya bei ya nyumba bila mkopo huo kukatiwa bima. Ukiwa na kianzio cha asilimia 20 au zaidi, bima hii haikuhusu. Ukiwa na pungufu, huna budi. Kianzio cha chini kabisa kinachokubaliwa ni asilimia 5 ya dola 500,000 za kwanza za bei, na asilimia 10 ya kiasi kinachozidi hapo. Tangu tarehe 15 Desemba 2024 bima inatolewa kwa nyumba za bei iliyo chini ya dola milioni moja na nusu. Kabla ya siku hiyo ukomo ulikuwa dola milioni moja, na kwa miji kama Toronto na Vancouver ukomo huo uliwafungia mlango watu wengi wenye kazi nzuri.

Wanaotoa bima hii ni watatu. Mkubwa wao ni shirika la umma linaloitwa Canada Mortgage and Housing Corporation, ambalo watu hulitaja kwa herufi zake nne, CMHC. Wengine wawili ni kampuni binafsi, Sagen na Canada Guaranty. Mnunuzi hachagui. Benki ndiyo inayopeleka maombi kwa mmoja wao, na ada zao zinalingana. Kwa mwenye kianzio cha kati ya asilimia 5 na 10, ada ni asilimia 4 ya mkopo. Kikifika asilimia 10, ada inashuka hadi 3.10. Kikifika 15, ni 2.80. Na mtu akichukua mkopo wa kulipwa kwa miaka 30 badala ya 25, nafasi iliyofunguliwa mwaka 2024 kwa wanaonunua nyumba kwa mara ya kwanza na kwa wanaonunua nyumba mpya, anaongezewa asilimia 0.20.

Asilimia 4 inasikika ndogo. Hebu tuipigie hesabu, na kama una kalamu karibu, andika. Nyumba inauzwa dola 400,000. Kianzio chako ni asilimia 5, yaani dola 20,000. Unakopa 380,000. Ada ya bima, asilimia 4, ni dola 15,200. Watu wengi hawana pesa hizo mkononi, kwa hiyo zinajumlishwa kwenye mkopo, na deni lako linakuwa dola 395,200. Tazama hapo. Umeingiza dola 20,000 ulizoweka kwa miaka, ukiamka usiku kwenda zamu, lakini siku unayopewa funguo, tofauti kati ya bei ya nyumba na deni lako ni dola 4,800 tu. Hicho ndicho kipande cha nyumba kilicho chako siku hiyo. Na kwa kuwa ada imo ndani ya deni, inatozwa riba kama deni lingine. Kwa riba ya asilimia 5, ikibaki hivyo miaka yote 25, zile 15,200 utazilipa zaidi ya 26,000.

Ukiwa Ontario kuna jambo jingine, na limewashtua wengi dakika za mwisho. Kodi ya mauzo ya jimbo inatozwa juu ya ada ya bima, asilimia 8, na kodi hiyo haijumlishwi kwenye mkopo. Unailipa taslimu siku ya kufunga mauziano. Nyumba ya dola 700,000 yenye kianzio cha chini kabisa, dola 45,000, ina ada ya bima ya dola 26,200, na kodi yake ni dola 2,096. Quebec na Saskatchewan nayo yana kodi ya namna hiyo. Weka na malipo ya mwanasheria na gharama nyingine za kufunga mauziano, ambazo mkopeshaji kwa kawaida hutaka uonyeshe kuwa umeziwekea walau asilimia 1.5 ya bei, juu ya kianzio. Mtu aliyekusanya kianzio hadi senti ya mwisho akafikiri amemaliza, kumbe hajamaliza.

Sasa twende kwenye lile tusilopenda kulisema. Kushindwa kulipa.

Chukua nyumba yetu ile ya 400,000. Miaka miwili imepita na umelipa kila mwezi bila kukosa. Deni limeshuka hadi kama dola 378,000. Kisha kiwanda kinapunguza watu, au mwenzako anaugua, na marejesho yanasimama. Benki inavumilia kidogo, halafu inachukua hatua. Katika Ontario inaweza kuuza nyumba bila kesi ndefu mahakamani, na katika baadhi ya majimbo mengine lazima ipitie kwa hakimu. Tuseme soko limelegea na nyumba imeuzwa 370,000. Toa malipo ya wakala, mwanasheria, riba iliyolimbikizwa na gharama nyingine, tuseme zote ni dola 25,000. Benki imebaki na 345,000 dhidi ya deni la 378,000. Pengo ni dola 33,000.

Hapo ndipo bima inapofanya kazi yake. Mtoa bima anailipa benki pengo hilo. Benki imekaa salama. Wewe nyumba imekwenda, kianzio kimekwenda, historia yako ya mikopo imeharibika. Na bado hujamaliza, kwa sababu mtoa bima, akishailipa benki, ana haki ya kukudai wewe pesa hizo. Ile bima uliyoilipia 15,200 pamoja na riba yake, sasa mwenye nayo anaweza kukuandikia barua ya madai.

Mfano wa jimbo la Alberta unaonyesha jambo hili waziwazi kuliko pengine popote, na Waswahili wa Calgary na Edmonton wanapaswa kuujua. Alberta ina sheria ya zamani inayomkinga mkopaji wa kawaida wa nyumba. Akishindwa, benki inachukua nyumba, lakini haiwezi kumfuata yeye binafsi kwa pengo lililobaki. Miaka ya 1980, uchumi wa mafuta ulipoanguka na bei za nyumba zikaanguka nazo, wako walioziacha nyumba zao na kuondoka, na wako waliouza nyumba kwa dola moja ili mradi tu deni liende na mnunuzi. Lakini kinga hiyo ya sheria haiwafikii wenye mikopo iliyokatiwa bima. Yaani yule aliyekuwa na asilimia 20 ya kianzio analindwa na sheria, na yule mwenye asilimia 5, ambaye ndiye mnyonge zaidi kati ya hao wawili, anaweza kudaiwa hadi senti ya mwisho. Mwaka 2014 bei ya mafuta ilipoanguka tena, na nyumba za Fort McMurray zikashuka thamani sana, wengi waligundua tofauti hiyo wakiwa wamechelewa. Mimi naliona jambo hili kuwa la dhuluma.

Hata hivyo, msikilizaji, sitaki uzime redio ukidhani nakuambia usinunue nyumba kwa bima. Sisemi hivyo, na historia ya bima hii yenyewe inanizuia kusema hivyo.

Kabla ya bima za namna hii, mkopo wa nyumba Amerika ya Kaskazini ulikuwa wa wenye nacho. Huko Marekani, kabla ya mwaka 1934, ilikuwa kawaida kutakiwa nusu ya bei mkononi, na deni lenyewe kulipwa ndani ya miaka michache, kisha salio lote kudaiwa kwa mkupuo. Mdororo mkuu wa uchumi ulipowakuta watu katika hali hiyo, familia nyingi zilipoteza makazi. Serikali ya Roosevelt ikaunda mamlaka ya makazi iliyotoa dhamana kwa wakopeshaji, na ghafla benki zikakubali kianzio cha asilimia 20 na muda wa miaka 20. Kanada ilifuata kwa njia yake. Shirika lake la nyumba, ile CMHC, liliundwa mwaka 1946, askari waliokuwa wamerudi vitani walipokuwa wakihitaji paa juu ya vichwa vyao, na mwaka 1954 sheria mpya ya nyumba ikaleta bima ya mikopo na kuziruhusu benki kubwa kuingia kwenye biashara ya mikopo ya nyumba, ambayo hadi wakati huo sheria ilikuwa imeziweka mbali nayo. Mfanyakazi wa reli, mwalimu, muuguzi, wote wakaweza kumiliki nyumba kabla ya mvi kuota.

Linganisha na kwetu. Kenya ina watu zaidi ya milioni 50, lakini mikopo ya nyumba ya benki inahesabika kwa makumi ya maelfu tu. Tanzania ni michache zaidi. Kwetu mtu hujenga kwa pesa taslimu, mwaka huu msingi, mwaka kesho kuta, bati likipatikana ndipo bati. Ni njia isiyo na deni, na ina heshima yake, lakini inaweza kumchukua mtu miaka 15 akiwa mpangaji huku nyumba yake mwenyewe imeota majani. Bima ya Kanada inamwezesha mtu kulala ndani ya nyumba mwaka huu na kuijenga kwa marejesho. Hilo ni jambo kubwa, na anayelibeza hajawahi kuhamishwa na mwenye nyumba watoto wakiwa katikati ya muhula wa shule.

Kuna na faida nyingine ambayo watu hawaambiwi. Kwa kuwa benki haina hofu ya hasara, mikopo iliyokatiwa bima mara nyingi hutozwa riba ya chini kuliko isiyo na bima. Na mkataba unapofika wakati wa kuhuishwa, kwa kawaida kila baada ya miaka mitano au pungufu, mwenye mkopo wa bima anaweza kuuhamishia benki nyingine yenye riba nafuu bila kupimwa tena kwa riba ya juu kuliko atakayotozwa. Waliokopa mwaka 2020 na 2021 wanajua uzito wa hilo. Benki kuu ya Kanada iliipandisha riba yake kutoka asilimia 0.25 mwanzoni mwa mwaka 2022 hadi asilimia 5 katikati ya mwaka 2023, na marejesho ya watu wengi yakapanda kwa mamia ya dola kwa mwezi.

Wenzetu wa Marekani wanaonisikiliza, kwenu utaratibu ni tofauti kidogo. Bima ya kampuni binafsi kwa kawaida mnailipa kila mwezi, na sheria ya mwaka 1998 inawapa haki ya kuomba ifutwe deni likishuka hadi asilimia 80 ya bei ya awali, na ijifute yenyewe ikifika 78, ilimradi marejesho hayajachelewa. Kama umenunua nyumba miaka kadhaa iliyopita na bado unalipa bima hiyo, kaa chini leo jioni uangalie salio lako. Kanada hakuna cha kufuta, kwa sababu ada imeshalipwa yote siku ya kwanza.

Sasa nataka nikae kidogo kwenye kianzio chenyewe, maana hapa ndipo mambo yetu ya kiswahili yanapokutana na taratibu za benki.

Sisi pesa kubwa hatuzipati peke yetu. Tuna upatu, tuna mchezo, Wakenya wana chama, Wakongomani wana likelemba. Tuna michango ya kanisa na ya msikiti, tuna shemeji aliyeko Dubai. Benki ya Kanada inataka kuona karatasi za akaunti yako za siku 90, na kila pesa kubwa iliyoingia ndani ya siku hizo uieleze ilikotoka. Zawadi inakubaliwa, lakini iwe ya ndugu wa karibu, mzazi, mtoto au ndugu wa tumbo moja, na aandike barua kwamba hadai kitu. Michango ya watu 40, kila mmoja dola 200, hata kama yote imetolewa kwa upendo, karani wa mikopo hana mahali pa kuiandika.

Na upatu una jambo lake ambalo naomba lisikilizwe vizuri. Ukiupokea mwishoni, baada ya wenzako wote, hizo ni akiba zako mwenyewe, umerudishiwa. Ukiupokea mwanzoni, umekopeshwa na wenzako, na kila mwezi utakaotoa fungu lako ni rejesho la deni. Kianzio kilichotokana na mkopo kinatambuliwa na watoa bima kwa jina lake tofauti, kinatozwa ada ya juu zaidi, asilimia 4.50, na si kila mkopeshaji anakikubali. Kulificha deni hilo ili usitozwe ni kusema uongo kwenye maombi ya mkopo. Kwa hiyo ukijua mwaka ujao utanunua nyumba, waombe wenzako zamu yako iwekwe mwisho, upokee, uziweke benki, zikae zaidi ya miezi mitatu kabla ya kupeleka maombi. Kuna na akaunti maalumu ya akiba ya nyumba ya kwanza, iliyoanza Aprili 2023. Unaweka hadi dola 8,000 kwa mwaka, hadi jumla ya 40,000, zinapunguza mapato yako yanayotozwa kodi, na ukizitoa kununulia nyumba hazitozwi kodi. Dola 40,000 ni asilimia 10 kamili ya nyumba yetu ile ya mfano. Ukifika hapo, ada ya bima inashuka kutoka dola 15,200 hadi 11,160. Ushauri wangu ni huo. Kusubiri hadi ufike asilimia 20 kunaweza kukugharimu miaka mingi ya kodi ya pango, lakini kutoka asilimia 5 kufika 10, hasa kwa mume na mke wenye akaunti mbili, ni safari inayowezekana, na inakupa nafasi ya kupumua bei zikishuka.

Jambo jingine la kwetu halimo kabisa kwenye hesabu za benki. Watoa bima wanataka gharama za nyumba, yaani marejesho, kodi ya jengo na kupasha joto, zisizidi asilimia 39 ya mapato yako kabla ya kodi, na ukijumlisha na madeni yako mengine yote, zisizidi 44. Tena benki inakupima kwa riba iliyo juu kwa pointi mbili kuliko utakayotozwa. Ni vipimo vizuri. Lakini pesa unazomtumia mama kila mwezi hazimo. Ada ya shule ya mdogo wako haimo. Mchango wa msiba haumo. Benki ikikuambia unaweza kumudu dola 2,300 kwa mwezi, imekuhesabu kama mtu asiye na ukoo. Toa kwanza cha nyumbani, ndipo uangalie kama 2,300 bado inawezekana. Kama haiwezekani, tafuta nyumba ya bei ya chini, na usione haya.

Kwa Waislamu wanaojiepusha na riba, najua suala hili ni zito zaidi, kwani ada yenyewe inaingizwa kwenye deni la riba. Njia mbadala zipo Kanada lakini ni chache na ghali. Bajeti ya serikali kuu ya mwaka 2024 ilitaja nia ya kupanua upatikanaji wa mikopo ya halali, na jumuiya zetu zina kila sababu ya kuwaandikia wabunge wao kuwakumbusha.

Tena, msikilizaji, usiichanganye bima hii na bima ya maisha ya mkopo. Ile ya maisha ndiyo inayolipa deni mkopaji akifariki, ni ya hiari, na unaweza kuinunua nje ya benki, mara nyingi kwa bei nafuu zaidi. Familia inayoamini kwamba ada iliyolipwa mwanzo inakinga kifo, siku ya msiba inaweza kukuta nyumba ina deni lote na hakuna wa kulilipa. Kama una mume, mke au watoto, ulizia bima ya maisha kivyake, siku hiyohiyo unayosaini mkopo.

Nitasema na langu kuhusu mfumo wenyewe. Ahadi za bima za shirika la umma, CMHC, zinadhaminiwa na serikali kwa asilimia 100, na za kampuni binafsi kwa asilimia 90. Benki zinakopesha, zinavuna riba, na hatari ameibeba mkopaji pamoja na mlipa kodi. Mwaka 2006 milango ilipolegezwa, mikopo ya miaka 40 bila kianzio chochote ilikatiwa bima. Serikali ikaufunga mlango huo Oktoba 2008, baada ya kuona msukosuko wa mikopo ya nyumba ulioifika Marekani, na baada ya hapo ikakaza masharti mara kadhaa. Wakanada ni walipaji wazuri, na wanaochelewa marejesho kwa miezi mitatu au zaidi wamekuwa chini ya asilimia moja kwa miongo kadhaa. Lakini nidhamu hiyo ni ya wakopaji. Mwaka 2016 wizara ya fedha iliomba maoni kuhusu kuzibebesha benki sehemu ya hasara mkopo wa bima unaposhindikana. Wazo hilo halikufika kuwa sheria, na mimi naamini lilistahili. Benki ikiwa na chake cha kupoteza, itamweleza mteja kwa makini zaidi. Na naamini vilevile kwamba yule aliyeilipia bima asingepaswa kudaiwa pengo ambalo bima hiyo imeshalifidia, isipokuwa pale alipodanganya kwenye maombi yake.

Hadi sheria zibadilike, kuna mlango mmoja ambao tayari uko wazi, na watu wetu hawaugongi kwa sababu ya aibu. Watoa bima wenyewe hawapendi nyumba iuzwe, kwa kuwa ikiuzwa kwa hasara wao ndio wanaolipa. Kwa sababu hiyo wamezipa benki ruhusa ya kumsaidia mkopaji aliyekwama: kumwahirishia marejesho kwa muda, kurefusha miaka ya mkopo ili kila mwezi alipe kidogo, kuyajumlisha marejesho yaliyokosekana kwenye deni, kumtoa kwenye riba inayopanda na kushuka na kumweka kwenye riba isiyobadilika. Na tangu mwaka 2023 serikali imetoa mwongozo unaozitaka benki kumtafuta mteja miezi minne hadi sita kabla ya kuhuisha mkataba, zimwonyeshe njia alizo nazo, na kumrefushia muda kwa kipindi bila kumtoza ada anapokuwa na shida.

Lakini misaada hiyo ina nguvu mtu anapokuwa hajachelewa, au amechelewa mwezi mmoja. Ukikaa miezi minne hufungui barua, hupokei simu, unawaficha hata wenzako wa jumuiya, faili lako limeshafika kwa mwanasheria na nafasi imepungua. Kwa hiyo nakuomba, dada yangu, kaka yangu: ukiona rejesho la mwezi ujao halitatimia, piga simu benki mwezi huu. Waambie mkopo wako umekatiwa bima, na uulize mtoa bima anaruhusu msaada gani. Kama Kiingereza au Kifaransa hakijakaa sawa, nenda na mtoto wako au rafiki anayekijua, na majibu yote uyaombe kwa maandishi.